Povu la Siku ya Wazazi

Jumatatu, 9 Juni
Mwalimu mkuu ametangaza: atakayewavutia wazazi Jumamosi ndiye atakayeongoza idara ya sayansi. Tumebaki wawili. Mimi wa kemia, na mwenzangu wa biolojia, ambaye wanafunzi wanamwita Mama Taratibu kwa jinsi anavyoshika hata chaki kama yai. Yeye ataonyesha maharage aliyootesha kwenye pamba. Nani aache shughuli zake aje kutazama haragwe likitafakari kuota?

Mimi nitatoa povu. Peroksaidi, sabuni ya vyombo, hamira. Hamira inaichochea peroksaidi ivunjike iwe maji na oksijeni, sabuni inaidaka oksijeni, povu linapanda kama maziwa yaliyosahauliwa jikoni. Kiti cha mkuu wa idara kina magurudumu. Nimeshakijaribu.

Jumatano, 11 Juni
Jaribio la siri maabara. Peroksaidi ya kabatini ni ile hafifu ya kusafishia vidonda. Povu lilichungulia mdomoni mwa chupa, likaona haya, likarudi.

Kugeuka, Mama Taratibu yupo mlangoni. Akasema hiyo hafifu ndiyo inayofaa mbele ya watoto, na kwamba amenitengea miwani ya kinga na glavu. Nikamshukuru. Adui akikupa miwani, anataka ufanane na chura mbele ya wazazi.

Alhamisi, 12 Juni
Mungu hamtupi mja wake. Mke wangu ana saluni, na rafu ya juu ana peroksaidi kali ya kupaushia nywele. Nikamwambia nimekuja kumsaidia kufuta vumbi. Akauliza tangu lini. Nikasema ndoa ni kusaidiana. Akanitazama kama mtu anavyotazama paa linalovuja.

Nimeichukua yote, chupa yake nikairudisha tupu rafuni. Nimebadilisha na chupa ya onyesho pia: hii ina shingo nyembamba, povu lipate kasi. Na hamira nimeongeza maradufu. Mchawi mpe mwana akulelee. Mimi nimempa kemia.

Jumamosi, 14 Juni
Naandika kwa taabu. Vidole vinawasha.

Ukumbi ulijaa. Watoto wa darasa la kwanza waliketi mkekani, puani mwa meza yangu. Mama Taratibu akaniuliza peroksaidi nimeitoa wapi. Nikasema dukani. Akawahamisha watoto wote hadi ukutani, mkeka wakauacha. Nikawaambia wazazi kwamba woga na sayansi havilali chumba kimoja.

Nikamimina hamira. Kimya. Nikainama kuchungulia.

Chupa ikapata moto mkononi, kisha povu likaja. Lilinipiga usoni, likagonga dari, likamshukia mwenyekiti wa wazazi kofiani. Lilipotulia niliona mkeka. Umefunikwa wote, unatoa mvuke. Pale walipokuwa watoto.

Mama Taratibu alinishika shingo, akanisukuma hadi bombani.

"Fumbua macho," akasema.

Nikasema yanachoma.

"Ndiyo maana nasema fumbua. Na usitoke kwenye maji mpaka nikuambie."

Nilikaa pale kama sufuria inayoloekwa. Huku nyuma wazazi walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Jumapili, 15 Juni
Daktari wa macho anasema nimeponea chupuchupu, na kwamba hiyo ni shukrani kwa aliyeniweka bombani. Vidole ni vyeupe kama vya mwokaji. Masharubu yamepauka, rangi ya mahindi mabichi. Mke wangu aliyatazama, akaenda saluni, akarudi na chupa tupu. Akauliza vumbi lilikuwa nene kiasi gani.

Nalala sebuleni.

Jumatatu, 16 Juni
Idara amepewa Mama Taratibu. Mimi nimeagizwa kuandika masharti ya usalama yabandikwe maabara. Nimeandika vizuri sana: peroksaidi hafifu, chupa ya mdomo mpana, miwani, glavu, mtu asiinamie. Masharti yanawafaa sana wanaoanza.

Ukweli ni kwamba kosa lilikuwa la hamira. Na makofi yalipigwa, hilo halifutiki.

Mama Taratibu anasafiri kikazi wiki hii, kaniachia ufunguo wa kabati. Nyuma ya mizani nimekuta mkanda wa magnesiamu. Inasemekana ukiwashwa unatoa mwanga usio na mfano. Lebo inasema usitazamwe kwa macho matupu.

Sasa onyesho lisilotazamwa ni onyesho gani?