Ndoo Mbili za Zege na Kikohozi cha Baba Mkwe

Leo nimeaibika. Aliyeniona ni mtu mmoja tu, na ndiye pekee duniani ambaye hakutakiwa kuniona.

Nianze na vyuma. Mgongo unanisumbua, na kila video niliyoangalia inasema dawa ni misuli, kwa hiyo mwezi jana nikaamua nitanyanyua vyuma nyumbani, hapa hapa Iyunga. Nikaenda dukani mjini. Muuzaji akanitolea viwili vya kilo tatu tatu, vimefunikwa plastiki ya zambarau. "Mama, anayeanza aanze na hivi." Nikaona ananidharau. Mimi ni Mhehe wa Iringa, nimebeba kuni tangu darasa la pili, leo unipe kitu cha zambarau? Halafu nikaisikia bei. Nikavirudisha mezani taratibu.

Nikaenda Mbalizi kwa fundi wa kufyatua matofali. Nikamwambia nataka ndoo mbili za lita kumi zijazwe zege, na bomba la chuma liziunganishe. Akaniuliza, "Dada, utaziweza?" Nikamjibu kwamba ndoo ya lita kumi ni kilo kumi, mbili ni ishirini, hiyo ni hesabu ya shule ya msingi. (Kwa maji ni kweli. Zege sikuliuliza.) Fundi akaendelea kuchanganya.

Jana akaleta mzigo kwa guta, yeye na mwenzake. Wakaupandisha juu ya matofali niliyopanga kila upande wa benchi uani. Walihema sana. Nikajisemea, vijana wa siku hizi wavivu.

Sasa hapa lazima niwaeleze kuhusu baba mkwe. Mume wangu ni Mnyakyusa, na mzee wake bado ameshika mila ya zamani: baba mkwe na mke wa mwanawe hawaonani uso kwa uso. Miaka sita ya ndoa, sijawahi kuuona uso wake vizuri. Akija kutoka Tukuyu anakohoa getini. Nikisikia, naingia ndani, yeye anakaa uani, na maneno yake kwangu yanapitia kwa mtu mwingine. Mwanzoni nilicheka (kwetu baba mkwe unamtengea ugali na stori mnapiga). Baadaye nikaelewa kwamba ndivyo anavyoniheshimu. Nikaanza kujivunia kwamba sijawahi kukosea hata siku moja.

Basi leo asubuhi. Mume yuko kazini, mtoto wetu Tumaini yuko shule. Nikavaa bukta ya mume wangu, nikalala kwenye benchi, nikashika bomba, nikalitoa kwenye matofali.

Likaja lote. Likatua kifuani, likakaa. Nikasukuma, wapi. Nikajaribu kujivuta nitokee chini, wapi. Pumzi zilikuwepo, ila kwa mafungu.

Ndipo nikasikia getini: kho, kho.

Nikafumba macho. Mzee akasubiri, kwa adabu yake yote, ili nipate muda wa kuingia ndani. Akakohoa tena. Akakohoa mara ya tatu, kwa nguvu zaidi, kisha geti likafunguka.

"Baba, usije!" nikasema. "Niko uani. Nimebanwa."

Viatu vikasimama. Nikageuza shingo nikaona mgongo wa koti, na mkungu wa ndizi begani. Alikuwa ameshanipa kisogo. Akaanza kuongea na kuku wangu.

"Wewe kuku. Muulize mama Tumaini, amebanwa na nini?"

"Na vyuma, baba."

"Muulize, majirani hawapo?"

"Wameenda sokoni Uyole."

Akafikiri. "Mwambie atunze pumzi. Nakuja."

Akaja kinyumenyume. Mzee wa miaka sabini na kitu, kofia ameishusha machoni, mkono mmoja unapapasa hewa nyuma yake. Akakanyaga bakuli la maji ya kuku. Akafika, akatua ndizi chini, akalishika bomba kwa nyuma, akavuta. Halikutikisika. Akavuta tena, nikasikia anaguna kwa maumivu. Hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli, wala si ya bukta.

"Baba, acha tu. Utaumia."

Akasimama. Akavua kofia, akaiweka juu ya ndizi. Akageuka, akaniangalia. Ana macho ya Tumaini kabisa. Nilikuwa sijui.

"Mama Tumaini," akasema, na safari hii hakumwambia kuku. "Nikifika tatu, sukuma."

Nikasukuma. Bomba likatoka kifuani, ndoo moja ikapinduka upande, ikaangukia ndizi. Na kofia.

Akaitoa kofia chini ya zege, akaikung'uta, akaivaa hivyo hivyo ilivyobonyea. Akanipa tena kisogo, akatoka amejishika kiuno. Chai hakunywa. Nikabaki kwenye benchi nalia, na kifua kinauma. Miaka sita mzee wa watu amekohoa getini kwa ajili yangu, na mimi nimeiharibu asubuhi moja kwa sababu sikutaka vitu vya zambarau.

Mchana mume akapiga simu. "Baba kafika salama. Kiuno kinamsumbua kidogo. Anasema umsamehe."

"Mimi ndiye nimsamehe? Kwa lipi?"

"Anasema alikuangalia."



Kesho naenda mjini. Nanunua vile vya kilo tatu tatu, na kofia moja ya mzee. Na nyie mnaotaka kucheka, tafadhali, kohoeni kwanza niingie ndani.