Somo la Ndani ya Kabati

Kama kuna mtu aliyewahi kufundisha Kiingereza mpaka akapakiwa kwenye gari kama mzigo, basi ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Karakana nzima tunamwita Profesa. Jina hilo alijipa mwenyewe, sisi tulichoka tu kumkatalia.

Profesa ni fundi wa makabati. Tusimdhulumu, ufundi anao. Shida yake ni mdomo. Alikwenda kozi ya Kiingereza wiki tatu, akarudi na tai. Tangu siku hiyo anapiga randa na tai shingoni, na ikiingia vumbi la mbao anaipangusa taratibu ili kila mtu aone.

Sasa bosi wetu, mama mmoja asiyecheka ovyo, akapata wateja wanaozungumza Kiingereza. Akatukusanya, akasema anatafuta msimamizi wa karakana. Atakayewafundisha wenzake Kiingereza cha kuongea na wateja mpaka kieleweke, cheo ni chake. Angepima mwenyewe Ijumaa ya mwisho wa mwezi, siku ya kupeleka kabati kubwa kwa daktari wa meno anayekaa ghorofa ya tatu.

Profesa alinyoosha mkono kabla mama wa watu hajamaliza kusema. Jioni hiyohiyo dada akautangazia mtaa mzima kwamba yeye sasa ni mke wa msimamizi, akawa haitiki tena akiitwa kwa jina lake. Nikamwambia dada yangu, usikate kanzu, mwana hajazaliwa. Akaniambia nina wivu.

Jumatatu tukaanza shule. Profesa alichukua chaki akaandika ukutani, juu ya rafu yangu ya vanishi, maneno manne: "in it, on it, under it, behind it". Akasema hayo ndiyo mafuta ya Kiingereza: ndani yake, juu yake, chini yake, nyuma yake. Mengine yote ni mbwembwe.

Halafu akatufunulia siri. Mwingereza, alisema, hana muda wa kutaja kitu mara mbili. Akishasema kabati asubuhi, basi, kabati linaitwa "it" mpaka jua lizame. Wala hanyooshi kidole, maana kidole ni cha watu wasiokwenda kozi. Kwa hiyo akawa anasimama katikati ya karakana, mikono nyuma, anaagiza: weka "it" kwenye "it", halafu "them" chini ya "it". Tuna meza saba, viti ishirini na mbao zisizo idadi. Kila mtu akaitikia "yes", akaendelea na kazi aliyokuwa akiifanya.

Lakini kilichotumaliza ni kanuni yake. Saa za kazi, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, ni Kiingereza tupu. Anayesema Kiswahili ataosha chungu cha gundi, chungu kimoja kwa kila sentensi. Na anayemjibu msema Kiswahili ataosha pia. Ukisikia Kiswahili, jifanye kiziwi.

Kama hujawahi kuosha chungu cha gundi ya mbao, mshukuru Mungu. Gundi ile ikikauka haitoki kwa maji, inatoka kwa toba.

Wiki ya pili ubao ukamwangukia Msumari kwenye vidole vya mguu. Msumari ni fundi mwenzetu, mwembamba, mpole, ndiyo maana tukampa jina hilo. Akapiga kelele kwa Kiswahili kama binadamu yeyote. Tukataka kukimbia kumsaidia. Profesa akainua mkono, akatuzuia. Akasimama mbele ya yule maskini, tai imenyooka.

"Say the sentence," alimwambia kwa upole wa kuudhi. "It is on me."

Msumari alilia, akatafuta, akakosea, akaanza upya. Ubao ulikuwa juu yake muda wote huo. Mwishowe akaisema yote, neno kwa neno, machozi yanamtiririka, ndipo tukaruhusiwa kuuinua. Na bado akaosha vyungu vitatu kwa yale aliyoyasema mwanzoni. Mimi roho iliniuma, nasema wazi. Wahenga walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo, lakini Profesa aliona uzazi wake umekwisha.

Ijumaa ikafika. Bosi alitangulia kwa mteja, kutusubiri huko. Kabati lilikuwa tayari, limeng'aa, vanishi nimeipiga mimi kwa mikono yangu hii. Lina milango miwili, komeo la nje linalojifunga lenyewe, na mgongoni matundu ya kupitisha hewa. Hayo matundu mkumbuke, msije mkatuita wauaji.

Profesa akaona afanye marudio ya mwisho. Akavua viatu, akaingia kabatini, akajifungia mlango ili tuone kwa macho maana ya "I am in it".

Komeo likafanya kazi yake. Komeo alilipachika yeye, na nilisema mwanzoni, ufundi anao.

 Kisha sauti ikatoka kwenye matundu, kwa Kiswahili safi, kwamba tufungue.

Tukatazamana. Babu Randa, fundi mkongwe kuliko wote, akatazama saa ya ukutani. Saa tatu na nusu. Akatazama vyungu sita vya gundi pale kwenye kona. Akajikuna sikio kama mtu ambaye hajasikia kitu mwaka mzima.

Wakati huohuo dereva wa gari la mizigo akapiga honi, akasema ana safari nyingine, tupakie au aondoke. Dereva si mtu wa karakana, yeye kanuni haimhusu. Tukapakia.

Njiani, sisi nyuma na kabati, dereva mbele na injini yake inayonguruma, shemeji yangu alitupitisha katika Kiswahili chote. Aliamuru, akatukana, akabembeleza, akanitaja mimi na undugu wetu, akamtaja na dada. Nilikuwa nahesabu sentensi kwa misumari, kila sentensi msumari mmoja mfukoni. Kisha akakumbuka kanuni yake mwenyewe, akaanza Kiingereza, ila hofu ilikuwa imeyachanganya maneno yote. "Under them!" alipiga kelele. "With us! Behind you!" Msumari, mwanafunzi mtiifu, akageuka kutazama nyuma yake. Hakukuwa na kitu.

Sentensi moja tu ilihitajika, ileile aliyoingia nayo. Haikuja.

Ngazi za ghorofa tatu tulizipanda kwa taabu. Babu Randa alisema neno moja tu, "heavy", akalirudia kila ngazi. Tukaliweka kabati sebuleni, mbele ya daktari na bosi. Likagongwa kwa ndani, mara tatu.

Daktari akarudi nyuma. Bosi akatukazia macho, akauliza kwa Kiingereza nini hicho. Wote tukainama. Msumari ndiye aliyejitokeza, anachechemea bado kwa vile vidole, akashika mikono nyuma vilevile alivyofundishwa.

"He is in it," alisema.

Yaani ilitoka imenyooka! Bosi aliitikia kwa kichwa kwanza, nadhani ni kwa kuifurahia, kabla maana yake haijamfikia. Kisha akafungua komeo.

Profesa akatoka na soksi, jasho linamchuruzika, tai imenasa kwenye bawaba, kwa hiyo alitoka mwili wote isipokuwa shingo. Daktari wa meno, aliyezoea kuona watu wakiachama, naye akaachama. Bosi hakupandisha sauti. Alimwomba tu mwalimu amsalimie mteja kwa Kiingereza, maana ndiyo ilikuwa siku ya mtihani.

Profesa alimtazama daktari. Midomo ikacheza. Karakana yote ikasubiri.

"Shikamoo," akasema.

Wahenga wanasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Ya seremala hawakuwahi kuisema, labda walihisi haiwezekani. Msumari akapewa usimamizi palepale sebuleni, na bosi akauliza ni nani aliyemfundisha vizuri hivyo. Msumari akamwonyesha Profesa, kwa kidole.

Tuliporudi karakana nilimwaga misumari mezani. Thelathini na minne. Vyungu vilikuwa sita tu, ikabidi tuwe tunavichafua upya kila alipomaliza. Msimamizi mpya alisema hana chuki na mtu, kanuni ni kanuni.

Nilikuwa nimekaa kando ya rafu yangu nikipiga msasa, shemeji yangu akiwa amechuchumaa kwenye kona, gundi mpaka kwenye viwiko. Akaniita kwa sauti ya chini, ya mtu aliyeshindwa kabisa. Akaniomba jambo moja tu, la ndugu kwa ndugu: leo nisimwambie dada, amwambie mwenyewe akipata namna.

Nilimsikia vizuri sana. Ila ilikuwa saa kumi na dakika arobaini, saa za kazi bado hazijaisha.