Safari ya Mama kwa Kipimo cha Uzi

Jumatatu, 3 Machi
Mimi bahati ilinichagua tangu tumboni. Ndege nimepanda mara tatu, zote dirishani, bila kuomba! Ndiyo maana hapa kwenye kibanda changu cha kunyolea, watu huniuliza mambo ya dunia. Leo kaja Mama. Dada yangu, huko ng'ambo, anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza, na mumewe kasafiri kikazi. Dada yuko peke yake. Tiketi katuma. Mama kagoma. Eti yeye si popo wa kuning'inia hewani kutwa. Safari ikizidi saa saba, haendi. Nikamwambia tulia, mwanao nipo.

Jumanne, 4 Machi
Nimepima safari kwa uzi kwenye ramani ya ukutani. Shubiri mbili kasoro kidole. Za kilomita ngapi? Maandishi ya kipimo yapo pale konani, ila nilishayamwagia rangi ya nywele. Nikageukia tiketi. Kuondoka saa tatu asubuhi, kufika saa tisa alasiri, siku ile ile. Saa sita! Elimu ndiyo hii. Mama kakubali.

Fundi cherehani wa mlango wa pili, mwenye wivu, kaingiza pua. Eti saa za kule ziko nyuma ya zetu kwa saa nane, safari ni saa kumi na nne. Eti mbona dada nikimpigia adhuhuri namkuta usingizini? Nikamjibu: mjamzito kulala kuna ajabu gani? Karudi kwenye cherehani yake.

Alhamisi, 6 Machi
Mama kaondoka. Dawa ya magoti nilimwambia abebe kidonge kimoja, vingine mzigo tu. Nimempa mto wa kiti changu cha kunyolea. Wateja wanalalamikia makalio. Wavumilie! Mama ni mmoja.

Ijumaa, 7 Machi
Dada kapiga simu. Kumbe ilipotimia saa ya sita, Mama alibeba mkoba, akasimama mlangoni, akamwomba mhudumu amshushe, eti kafika. Chini bahari tupu! Karudishwa kitini mara nne. Magoti yamevimba kama maboga.

Mama akapokonya simu. Nimetukanwa mpaka sikio limepata moto. Halafu sauti ikalainika. Kasema aliingia hospitali akichechemea, akamshika dada mkono, na mtoto akatoka analia. Wa kiume. Kafanana na mimi, masikini, ndivyo alivyosema.

Jumapili, 30 Machi
Mama anarudi wiki ijayo. Nimesoma tiketi: kuondoka saa tatu asubuhi, kufika kesho yake saa moja asubuhi. Saa ishirini na mbili! Fundi akafungua mdomo, nikamfunga. Jambo liko wazi: kwenda ni mteremko, kurudi ni mlima. Tazama ramani, kule kuko chini!

Nimempigia Mama aache mabegi, ndege ipate nguvu ya kupanda. Akauliza, taratibu: hizo ndege zako tatu, mwanangu, ulipanda lini?

Simu ikakatika. Niliikata mimi.

Sijawahi kupanda ndege. Hata moja.