Kuzibwa kwa Tundu la Seva Bila Kunishirikisha

Ndugu Mkuu wa TEHAMA,

Nakuandikia nikiwa mzima wa mwili, ila moyo umechafuka. Mimi ni yule karani wa stoo, chumba cha chini, ubavuni mwa jenereta. Mke wangu anajifungua wiki ijayo, mtoto wetu wa kwanza, na jana vijana wako wameziba njia pekee niliyokuwa nayo ya kupata likizo.

Kama ujuavyo, maombi yetu hupita kwenye seva mbili. Ya mlangoni hukagua nani anaomba, ya ndani hutekeleza. Zilikuwa hazielewani ujumbe unaishia wapi. Basi mimi nilikuwa natuma ombi la kalamu lenye mkia, yaani ombi la likizo lililofichwa nyuma yake. Ya mlangoni ililiona ni ombi moja, ikalipitisha lote. Ya ndani ikakomea kwenye kalamu, mkia ukabaki unamsubiri mtu anayefuata, ukajipachika mbele ya ombi lake na kupita kwa jina lake. Akifuata Meneja, likizo yangu imeidhinishwa na Meneja. Nani kaumia?

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hamkutoa taarifa. Hata maji yakikatwa hapa tunabandikiwa tangazo.

2. Kikaoni nimeitwa mhalifu. Ni kweli mkia wangu ulikuwa ukimeza ombi la Meneja mwenyewe, na safari moja ombi hilo lilikuwa la kumfukuza dereva. Dereva bado yupo, na siku hizi anaendesha vizuri. Nilitarajia cheti cha shukrani.

3. Mnasema nikamwombe Meneja ana kwa ana. Ndugu yangu, yule mtu akikunja uso hata printa inakwama! Sijawahi kumwomba kitu mdomo kwa mdomo, na nasema wazi kwamba namwogopa. Naogopa zaidi mtoto wangu azaliwe mimi nikiwa stoo napanga maboksi ya wino.

4. Kwa hiyo naomba tundu lifunguliwe, liwekewe saa za kazi na msimamizi. Nafasi hiyo naiomba mimi, pamoja na kiti chenye mgongo. Aidha, seva hizo zipigwe marufuku kuelewana. Wakubwa wawili wakielewana katika jengo hili, anayeumia ni mtu wa chini.

Nisalimie kitengo kizima, hata huyo aliyeziba. Mwambie sina kinyongo, nina mke mjamzito.

Wako niliyekatwa mkia,
Karani wa Stoo

N.B. Mke wangu ameisoma hii, amecheka mpaka akashika kiuno, kisha akanituma kwa Meneja. Nimekwenda. Kabla sijamaliza sentensi ameniambia niende likizo, tena akauliza mtoto tutampa jina gani. Kwa hiyo tundu libaki limezibwa. Ila naomba mlifungue kidogo leo mchana, nimeze kitu kimoja tu: nakala ya barua hii nilishamtumia Meneja asubuhi, na bado hajaisoma.