Bingwa Wangu Si Buibui wa Chooni

Kwa Bwana Arimura,
Mtaalamu wa Buibui, Makumbusho ya Viumbe.

Mheshimiwa,

Natumaini u mzima na majivu ya mlima wa volkano hayajakuchafulia nguo ulizoanika. Sisi huku Kajiki hatujambo, isipokuwa mimi, na sababu ni wewe.

Nilikuletea buibui wangu ndani ya chupa. Si buibui wa hivi hivi. Mwezi wa sita alipanda kijiti cha mashindano ya kupiganisha buibui mbele ya umati, akayaangusha majike yote ya wenzangu, pamoja na lile la Mzee Kukita lililokuwa likilishwa panzi wa kuchaguliwa. Kwa ushujaa ule nikajua ni aina ambayo haijawahi kuandikwa popote, nikatangaza hadharani kwamba itaitwa Chizuru, jina la mke wangu. Wewe ukajibu kwa mistari miwili: "Buibui wa nyumbani wa kawaida. Hupatikana sana chooni."

Kwa heshima zote, nina malalamiko.

1. Umeandika kwamba ni wa kijivu, hana mistari ya njano. Mheshimiwa, amelala ndani ya shochu wiki kadhaa. Mzee Kukita akilala ndani ya shochu usiku mmoja tu hubadilika rangi. Unasema ningetumia spiriti kali ya maabara. Shochu ni pombe safi ya viazi vitamu, ya kupokelea wageni. Bingwa hawekwi kwenye dawa ya kusafishia vidonda.

2. Umeandika kwamba ni mdogo mno, kama punje ya soya. Amesinyaa. Marehemu baba yangu naye alisinyaa, na hakuna aliyesema si baba yangu.

3. Hili naliandika kwa aibu. Nasikia ulimgeuza chali, ukamchungulia chini ya tumbo kwa hadubini, mahali pa siri, eti ndipo aina zinapotambuliwa. Huyo ni jike la watu, tena marehemu, na hukuomba ruhusa. Kama shida ilikuwa kumtambua, ungeniuliza mimi. Nilimlisha kwa mkono wangu, tukalala chumba kimoja. Ningemtambua kati ya elfu hata nikiwa nimefumba macho.

4. Unauliza kama nina hakika buibui hakubadilishwa. Abadilishwe na nani? Mke wangu ndiye aliyeamka mapema, akamkuta amekufa, na kwa wema wake akamtia chupani hata kabla sijaamka. Au unamshuku yeye? Tangu jibu lako lifike, kila nikilitaja hukimbilia jikoni, akanipa mgongo, mabega yakawa yanatikisika. Umemliza mke wa mtu, Bwana Arimura.

Naye Kukita akinikuta dukani huniuliza mbele za watu: "Mzee mwenzangu, choo chako kina mabingwa wangapi leo? Hebu niazime mmoja basi."

Ya Kukita nayavumilia. Kinachoniuma ni Chizuru. Miaka yote hii sijampa kitu cha kudumu. Maua hunyauka, na keki nikimletea naila mimi. Jina kwenye kitabu cha viumbe lingebaki hata sisi tukiwa hatupo.

Kwa hiyo naomba umpime upya, umwandike kuwa aina mpya, kisha uombe radhi kwangu, kwa mke wangu na kwa marehemu. Mpangilio nakuachia wewe.

Nisalimie wafanyakazi wenzako wote, na wale wadudu waliochomwa pini, ambao sijui kama nao waliulizwa.

Wako mwenye uchungu lakini asiye na kinyongo,
Uezono Tadayoshi

Nyongeza, kwa mwandiko mwingine: Mimi ni Chizuru. Barua za nyumba hii nazipeleka posta mimi, kwa hiyo huzisoma. Bwana Arimura, uko sahihi. Bingwa alikuwa akitanda utando juu ya sufuria zangu, nikamtoa nje. Uliye naye nilimwokota nyuma ya choo. Na jikoni huwa nacheka. Ila hilo la kitu cha kudumu hajawahi kuniambia kwa mdomo, na leo sikucheka. Tafadhali usimjibu upesi, mwache aendelee kudai kidogo. Bingwa mwenyewe yupo kwenye mchenza karibu na bomba, amenenepa, anakaribia kutaga. Kila asubuhi mume wangu hupita chini yake akienda kupiga mswaki, hujipangusa utando usoni, kisha huniuliza kwa nini nyumba hii haifagiwi.