Kupinga Futi Iliyonipa Fremu ya Hamsini na Mbili

Mtaa wa Singe,
Babati.
14 Agosti, 2025.

Mwenyekiti,
Chama cha Waendesha Baiskeli wa Jumamosi,
Babati.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: VIPIMO VYA MIGUU YANGU

Kichwa hicho cha habari kinajieleza, ila naomba nikifafanue, kwa sababu siku miguu yangu ilipopimwa wewe hukuwepo.

Mimi ni mwanachama wako wa miezi mitatu, mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya maji hapa mtaani. Mwezi wa tano nilinunua Arusha baiskeli mbili za mbio za mtumba. Moja fremu yake ni saizi 56, nyingine 52. Kubwa nikachukua mimi, ndogo nikampa mke wangu Kandida, Mama Hosiana. Sikupima mtu. Nyumbani kwetu kikombe kikubwa ni changu na kiti chenye mikono ni changu, na hakuna aliyewahi kuleta futi ya kupimia.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumamosi ya tarehe 2, fundi wetu Marcelino alitupima mimi na mke wangu mbele ya wanachama kumi na moja. Alinivua viatu, akanisimamisha ukutani, akanipa kitabu nikibane katikati ya mapaja, kisha akapima kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu. Kitabu chenyewe kilikuwa cha hesabu za darasa la sita. Nikapata sentimita 78. Kandida, kwa kitabu hicho hicho, akapata 84.

2. Marcelino akazidisha kwa 0.67, akatangaza kwamba 52 ndiyo yangu na 56 ni ya mke wangu. Nilimweleza kwa upole kwamba mimi na Kandida tuna urefu sawa, na tukikaa kwenye benchi la kanisa mimi ndiye ninayeonekana mrefu. Akajibu, "Baba Hosiana, baiskeli haina habari na benchi. Inataka miguu." Wanachama walicheka. Kandida hakucheka. Alikuwa anaiangalia 56, na hilo liliniuma kuliko kicheko.

3. Fundi huyo anadai kwamba fremu ikiwa kubwa, mtu hashindwi kuendesha, hushindwa kusimama. Sikatai. Jumamosi iliyofuata, msafara ulipofika Bonga mkasimama kunywa chai, mimi nilipita. Najua wengi walidhani nina nguvu. Ukweli ni kwamba sikuwa na namna ya kushuka. Nilikwenda hadi nilipokuta lundo la kokoto kando ya barabara, nikaliegemea. Kabla ya hapo niliwahi kujaribu kusimama bila kokoto, na bomba la juu la fremu likanigusa mahali ambapo sitapataja katika barua rasmi. Kwa maoni yangu kosa si la fremu, ni la barabara. Naomba chama kiweke mawe ya kushukia, kimo cha goti, kila baada ya kilomita mbili kutoka mjini hadi Bonga, upande wa kushoto.

4. Mgongo wangu unauma. Marcelino anasema ni kwa sababu naufuata usukani ulioko mbali. Naomba aelezwe kwamba mgongo wa mwenyekiti wa kamati ya maji una sababu nyingi za kuuma.

5. Inasemekana magoti ya Kandida yanagonga usukani wa 52. Ni kweli kila jioni huyakanda kwa maji ya moto, na ni kweli juzi alisema afadhali aache baiskeli arudi kwaya. Nilimwambia avumilie, miguu itazoea. Akauliza, "Itazoea kuwa mifupi?" Swali hilo nakuletea wewe.

6. Kwa hiyo naomba kikao kipitishe kanuni kwamba fremu zigawiwe kwa kufuata majukumu ya mtu, na futi ibaki kwa wasio na majukumu. Wewe, kwa cheo chako, utastahili 62. Mawe niliyoomba yatakufaa na wewe.

Nisalimie wanachama wote, Mama Eliakunda wa chai ya Bonga, ambayo bado sijaionja, na hata Marcelino.

Mwanachama wako, kwa heshima na kwa sentimita zote 78,

Aminiel Gidamis
(Baba Hosiana)

Nyongeza: Leo asubuhi nilipotaka kuileta barua hii, nilikuta tairi la nyuma la 56 halina upepo, ingawa jana jioni lilikuwa gumu kabisa. Kandida alisema hajui kilichotokea. Sikumuuliza mara ya pili. Nikachukua 52. Njiani nimeshuka mara nne bila sababu yoyote, kwa kuwa tu nimeweza, miguu yote miwili chini. Mgongo umenyamaza. Karibu na stendi nilisikia naitwa kwa nyuma. Alikuwa Kandida juu ya 56, imeshajaa upepo. Alinipita, magoti yakipanda na kushuka bila kugusa kitu, anacheka peke yake. Sijamwona akicheka hivyo tangu tununue baiskeli hizi.

Maneno haya nayaandikia mlangoni kwako. Barua isisomwe kwenye kikao, na mawe msiweke. Ombi moja tu limebaki: Marcelino akipata nafasi, aje na msasa aifute ile namba 52 iliyoandikwa kwenye fremu yangu.