Turudishieni Leza Uwanjani

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Usalama Viwanjani.

YAH: KUPINGA MARUFUKU YA LEZA ZA MKONONI

Ndugu Mwenyekiti,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima wa afya, wewe na wajumbe wako wote, pamoja na yule katibu anayebandika matangazo kwa gundi isiyobanduka. Mimi pia sijambo, ukiacha haya nitakayoyaeleza hapa chini.

Mimi ni kipa namba moja wa timu ya Karakana. Mashabiki walinipa jina la Ukuta. Siku hizi wananiita Chujio, na hilo ndilo lililonifanya nitafute kalamu. Mwanzoni mwa mwezi uliopita mlibandika kwenye mlango wa chumba chetu cha kubadilishia nguo tangazo kwamba ni marufuku kwa shabiki yeyote kuingia uwanjani na leza ya mkononi, ile tochi ndogo ya kubonyeza inayotoa kinukta cha mwanga mkali, na kwamba kila mtu atapekuliwa getini. Sababu pia mkazitoa. Mkasema mwanga wa leza ukiingia jichoni unaunguza sehemu ya nyuma ya jicho, kwamba hauumi na ndiyo maana mtu hashtuki mapema, na kwamba dereva akimulikwa anaweza kupeleka gari mtaroni. Yote ni kweli, wala sibishi. Mke wangu ni muuguzi wa kliniki ya macho, mambo hayo nayasikia mezani kila siku. Lakini mlipokaa kikao mkayajadili macho, kuna mjumbe hata mmoja aliyekumbuka kuwajadili makipa?

Nimekuwa nikimulikwa leza kwa misimu mitatu, na katika misimu yote hiyo hakuna aliyegusa namba yangu. Mmeziondoa, na sasa maji yamenifika shingoni. Jumatatu ijayo viongozi wa klabu wanakaa kuamua kama jezi namba moja ibaki kwangu au apewe kipa wa akiba. Huyo kipa wa akiba ni bwana wa miaka thelathini na tisa ambaye kabla ya kuingia uwanjani huvua miwani na kumpa daktari wa timu amshikie. Huyo ndiye anayetaka kunitoa langoni, Ndugu Mwenyekiti. Naomba malalamiko yangu yasomwe kwa mpangilio nilioupanga, maana nimeupanga kwa uchungu.

1. Marufuku imekuja katikati ya msimu bila kutuandaa. Tangu mlipoitangaza tumecheza mechi nne na nimefungwa magoli kumi na moja. Sisemi kwamba zamani sikuwa nafungwa. Nilikuwa nafungwa vilevile, tena wiki nyingine zaidi, lakini kila goli lilikuwa na mwenyewe. Mpira ukipita nashika macho, napiga goti, nanyoosha kidole jukwaani, na uwanja mzima unageuka kumtafuta mwenye tochi. Wakija kunikumbuka mimi, mpira umeshawekwa kati. Sasa hivi mpira ukipita, uwanja mzima unanikodolea macho mimi. Wiki iliyopita nilinyoosha kidole kwa mazoea, mwamuzi akanisogelea na kunikumbusha kwa upole kwamba watu wote walishapekuliwa. Kwa upole, Ndugu Mwenyekiti! Heri angenipa kadi.

2. Upekuzi wenyewe unanivunjia heshima. Mlinzi wenu wa getini, yule mama mwenye filimbi, kwa mechi nne amepekua mikoba, kofia na soksi, na amefungua hadi chupa za chai akanusa. Leza aliyoipata ni moja tu. Ilikuwa ya mwalimu wa jiografia aliyetoka darasani moja kwa moja akaisahau kwenye mfuko wa shati, kumbe anaitumia kuonyeshea mito kwenye ramani. Basi watu wakaanza kuulizana: ikiwa leza ni moja, na hiyo moja ni ya mito, zile za misimu mitatu zimekwenda wapi? Nawajibu kwamba hapo ndipo ujanja wa watu wale ulipo. Mtu aliyeweza kunimulika misimu mitatu bila kuonekana na shabiki hata mmoja, atashindwa kumpita mama mwenye filimbi? Watu wananisikiliza nikieleza hivyo, ila naona wanatazamana.

3. Mmepiga marufuku kitu chenye faida, na faida zake mnazijua. Tangazo lenu lenyewe linakiri kwamba fundi wa vigae anatumia leza kupimia ukuta ukanyooka, mwalimu anaonyeshea ubaoni, na daktari anatibia macho yaleyale mnayoyaogopea. Sasa kwa nini faida zake uwanjani mnazifumbia macho? Ngoja nizitaje mimi. Leza imewaokoa makocha wawili wasifukuzwe. Imewapa mashabiki wetu umoja, maana hakuna kitu kinachounganisha watu kama kumtafuta mtu mmoja wampige. Imemsaidia beki wetu wa kulia, tunayemwita Lifti Mbovu kwa sababu akipanda mbele hashuki tena. Mara mbili aliachwa na winga wa upande wake na mara zote mbili akasema amemulikwa, ingawa wakati huo jukwaa alilolilaumu lilikuwa mgongoni kwake. Nilimtetea. Nilisema mwanga ule unapenya. Leo hii Lifti huyohuyo ananiuliza mbele ya wenzangu kama nimewahi kufikiria kucheza mpira wa mikono.

4. Kuna swali linaloulizwa sana vijiweni, eti ni leza gani inayoonekana saa kumi jioni jua likiwaka. Swali hilo lina nia mbaya na sitalijibu.

5. Nyumbani kwangu hali imeharibika, na hapa naomba mjumbe mwenye familia anielewe. Zamani nikirudi kutoka mechi mke wangu alikuwa ananikalisha kwenye kiti cha jikoni, anainamisha kichwa changu nyuma, anachungulia jicho moja kisha la pili kwa katochi kake ka kazini, ananidondoshea dawa na kuniwekea kitambaa cha maji baridi. Wakati huo ananieleza kwamba leza ikikuunguza, unabaki na doa katikati ya kila unachokitazama, ukimtazama mtu unamwona kote isipokuwa pale ulipolenga jicho. Anachungulia weee, halafu anasema haoni kitu, tushukuru Mungu. Nami nasema tushukuru Mungu. Kwa misimu mitatu sijaosha sahani siku ya Jumamosi.

Tangu mpige marufuku narudi nyumbani na macho yangu mazima na magoli matatu. Ananipakulia chakula, ananiuliza mechi ilikuwaje, namwambia tumefungwa, anasema pole. Pole hiyo hata mtu aliyekosa basi angepewa. Mama mkwe naye, ambaye hajui mpira lakini anajua kuhesabu, ameuliza kama katika kazi yangu mtu anaweza kuomba uhamisho. Nimeumia, Ndugu Mwenyekiti. Sikuoa ili nionewe huruma ya namna hiyo, mimi nilishazoea ile nyingine.

6. Hii nimeifuta. Ilimhusu shemeji yangu, na shemeji ndiye nitakayempa barua hii aiposti.

7. Nisije nikaonekana mtu wa kulalamika tu, nimekuja na mapendekezo. La kwanza, marufuku iondolewe na mashabiki waachwe huru kama walivyokuwa. La pili, mkilikataa la kwanza kwa sababu ya hayo macho, basi kamati iajiri mmulikaji rasmi. Apewe sare na kiti nyuma ya kila goli, awamulike makipa wote wawili kwa haki bila upendeleo. Kama mnaogopa madhara, amulike magoti. Kama hata magoti yana hatari, leza yake isiwe na betri, na hapo usalama mtakuwa mmeulinda asilimia mia moja. Mimi ninachohitaji ni watu wamwone ameishika. La tatu, kila kipa akifungwa apewe cheti chenye muhuri wa kamati kuthibitisha kwamba alimulikwa, akipeleke kwa kocha na nakala aipeleke nyumbani. Vyeti vinaweza kuandaliwa kabla ya mechi ili kuokoa muda. Kwangu mimi leteni vitano vitano.

Mkifikiri kwa makini mtaona ombi hili si kubwa. Mnalinda macho ya wachezaji, hongereni. Lakini kipa ana macho mawili tu, na ana jina moja, na jina likishatoboka hakuna kliniki ya kulipeleka. Kwa miaka mitatu niliingia sokoni kichwa juu na wauza duka wakanipa pole kwa yanayonipata. Leo kinyozi wangu, mtu ninayemwachia shingo yangu na wembe, ananiuliza nikiwa nimefumba macho kama hivi ndivyo ninavyodakaga. Haki ya Mungu, ameuliza hivyohivyo, na watu watatu waliokuwa wakisubiri zamu wamevunjika mbavu.

Nashukuru kwa muda wako, nikiamini utalifikisha ombi hili kwenye kikao kabla ya hiyo Jumatatu. Nisalimie wajumbe wote mmoja mmoja, katibu na gundi yake, mama mwenye filimbi, na mwamuzi mpole. Mwalimu wa jiografia akija kuchukua leza yake, naye mnisalimie, tena mwambieni sina kinyongo. Wa nyumbani kwako wote wasalimie, hasa kama wapo wanaoshabikia timu yetu.

Ni mimi mwenye kuonewa,

Ukuta,
Kipa namba moja (hadi Jumatatu).

Nyongeza: Shemeji aliisahau barua hii mfukoni akanirudishia leo, kwa hiyo Jumamosi imeshapita na inabidi niongeze machache.

Tulikuwa sare mpaka dakika ya themanini na nane. Mawingu yalikuwa yametanda, uwanja una kigizagiza. Lifti akamwangusha mtu ndani ya boksi, penalti. Mpigaji aliporudi nyuma kuchukua hatua, kitu cha kijani kikatoka jukwaani kikaniingia macho yote mawili. Sijui kilipitaje getini. Wala sikupiga goti, wala sikukumbuka kunyoosha kidole. Hakikuuma, hapo mlisema kweli, ila ilikuwa kama mtu amenizimia dunia. Nikajifunika uso kwa mikono miwili, nikapiga yowe, nikaanguka, na mpira ukaja kunigonga hapohapo nilipoangukia. Ndiyo penalti pekee niliyodaka katika misimu mitatu, na sikuiona. Nilibebwa juujuu uwanja mzima. Nilipowaambia nimemulikwa waliangua kicheko, wakasema huyu bwana hata akidaka anasingizia leza. Viongozi hawakusubiri Jumatatu, walinikabidhi jezi namba moja mpaka mwisho wa msimu palepale mbele ya watu.

Jumapili asubuhi nilimtazama mke wangu mezani. Niliona masikio yake, niliona kilemba, lakini pua na mdomo sikuviona, palizibwa na doa la kijivu. Akanipeleka kliniki bila kumaliza chai. Daktari anasema huenda likafifia, huenda lisifutike, tusubiri. Leo Jumatatu nimeirudisha jezi mwenyewe, maana mpira ukija katikati siuoni, na sitaki kuwafungisha wenzangu safari hii nikiwa na sababu.

Kwa hiyo mapendekezo yangu yote nimeyafuta, pamoja na lile la betri. Mwambieni mama mwenye filimbi aendelee na soksi, tena awavue watu na viatu.

Jambo la mwisho. Pale kliniki, kabla daktari hajafika, mke wangu alinichungulia mwenyewe kwa muda mrefu, akasema safari hii anaona alama. Akaniuliza kama ndivyo ilivyokuwa zile mara nyingine zote. Nikamjibu, Ndugu Mwenyekiti, kwamba siwezi kulinganisha, kwa sababu hii ndiyo mara yangu ya kwanza kumulikwa. Akasema hilo analijua tangu msimu wa kwanza.